Kuondoa mng'ao kwenye picha: filta ya lenzi, filta mbili zilizokingamana, au taa laini?

Mchoro wa Tingatinga, mlango wa nakshi na kinyago cha mpingo ni vitu tofauti kabisa, lakini humsumbua mpiga picha kwa namna ileile: mahali fulani panang'aa weupe, na rangi au mchongo wa pale haionekani tena. Dawa zinazotumika ni tatu hasa. Ya kwanza ni filta ya polaraiza kwenye lenzi peke yake. Ya pili ni filta mbili zilizokingamana, yaani filamu ya polaraiza mbele ya taa na filta nyingine kwenye lenzi. Ya tatu ni taa laini: softiboksi (boksi la kitambaa linalofunika taa na kuutawanya mwanga), shuka jeupe, au kivuli cha baraza. Wengi hununua ile ya kwanza, huipeleka kwenye kazi ya pili, kisha husema filta ni feki. Mara nyingi filta ni nzima. Kilichokosewa ni pembe ya taa, au kitu chenyewe hakikuhitaji filta. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia kwenye uso wa kitu kabla ya kufika kwenye vifaa.

Uso mmoja, mwanga wa namna mbili

Mwanga ukifika juu ya rangi, mbao au karatasi, sehemu yake hudunda palepale juu bila kuingia. Kwenye vanishi, rangi ya mafuta na plastiki, sehemu hiyo ni takribani 4% mwanga unapoingia wima, na huongezeka kadiri unavyolala. Huu ndio mng'ao. Una rangi ya taa, hauna rangi ya kitu. Mwanga unaobaki huingia ndani, hugongana na chembe za rangi au nyuzi za karatasi mara nyingi, na ule usiomezwa hutoka nje ukiwa umebeba wekundu, ubuluu au ukahawia wa kitu chenyewe.

Tofauti ya namna hizi mbili iko kwenye mtetemo. Mwanga ni wimbi linalotetema kukingama na njia yake, na mwanga wa jua au wa balbu hutetema pande zote kwa pamoja. Filta ya polaraiza hupitisha mtetemo wa mhimili mmoja tu. Mwanga uliodunda mara moja juu ya uso hutunza mpangilio wa mtetemo wake, na pembe ikiwa nzuri hupangwa zaidi hata kama ulikuja bila mpangilio. Mwanga uliozunguka ndani ya rangi hupoteza mpangilio wote. Filta inaweza kuwatenganisha hawa wawili kwa sababu hiyo tu. Pale ambapo tofauti hiyo haipo, hakuna filta itakayosaidia.

Je, uso ukiwa na mikwaruzo? Fizikia hutumia kipimo cha Rayleigh: uso huonekana laini kwa mwanga iwapo vijiinuko vyake havizidi urefu wa wimbi ukigawa kwa 8, kisha ukigawa tena kwa kosaini ya pembe ya mwanga kutoka wima. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550 unaoingia wima, kikomo ni kama nanomita 69. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 50,000 hadi 100,000, kwa hiyo kitu ambacho kidole kinakihisi laini kabisa kinaweza kuwa milima na mabonde kwa mwanga. Mwanga ukilala hadi nyuzi 75 kutoka wima, kikomo hupanda hadi kama nanomita 266. Hii ndiyo sababu karatasi au ukuta wa rangi ya mati, yaani isiyo na glosi, huanza kung'aa ukiutazama kwa ubavu, na barabara ya lami humuumiza macho dereva jua linapozama mbele yake.

Uso wa mati, basi, una mng'ao sawa na wa glosi. Tofauti ni kwamba mng'ao wake umetawanywa. Ufikirie kama vioo vidogo mno vilivyoelekezwa huku na huku: kila kimoja kinaakisi kwa sheria ileile ya kioo kikubwa, lakini kwenye kamera hufika tu mwanga wa vile vilivyoelekea sawasawa. Kwenye glosi unaona doa moja kali, na kwenye mati unaona ukungu mweupe unaofifisha rangi yote. Ukungu huo ndio unaofanya picha ya kanga iliyooshwa au ya mchoro wa mati ionekane imechujuka, ingawa hakuna doa lolote la kulilalamikia.

Filta ya lenzi peke yake: pembe kwanza

Mwaka 1815 David Brewster alionyesha kwamba kila kitu kisicho metali kina pembe moja ambayo mwanga unaoakisiwa hutoka umepangwa kikamilifu. Kwa vanishi na kioo cha kawaida ni nyuzi 56 kutoka wima, na kwa maji ni nyuzi 53. Maelezo mengi ya kamera huishia hapo, na mpiga picha hubaki akijiuliza nyuzi 56 kutoka wapi, ikiwa mlango una maua, mikunjo na misumari kila upande.

Jibu ni rahisi kuliko linavyoonekana. Toa mstari kutoka kwenye kitu kwenda kwenye taa, na mwingine kutoka kwenye kitu kwenda kwenye kamera. Pima pembe kati ya mistari hiyo, kisha igawe kwa mbili. Hiyo ndiyo pembe ambayo mwanga umekigonga kila kijioo kinachokuletea mng'ao, hata uso uwe wa kukwaruza kiasi gani, kwa sababu kijioo kisichoelekea katikati ya taa na kamera hakikuletei kitu. Kwa hiyo huna haja ya kujua uso umeelekea wapi. Unahitaji kujua taa iko wapi.

Hesabu kwa kitu chenye uso kama vanishi hutoa picha hii:

| Pembe kati ya taa na kamera, ukiwa kwenye kitu | Kiasi cha mng'ao kilichopangwa |
|---|---|
| nyuzi 45 | 22% |
| nyuzi 90 | 83% |
| nyuzi 112 | karibu wote |
| nyuzi 140 | 75% |

Tazama mstari wa kwanza. Nyuzi 45 ndiyo pembe inayofundishwa kila mahali kwa kunakili michoro: kamera mbele, taa kushoto na kulia kwa nyuzi 45. Hapo filta ya lenzi, hata ukiizungusha vizuri namna gani, itapunguza mng'ao wa mikwaruzo ya brashi kwa takribani moja ya tano tu. Ukitumia flashi iliyo juu ya kamera, pembe inakaribia sifuri na faida nayo inakaribia sifuri. Jua likiwa mgongoni mwako ni hali hiyohiyo.

Mstari wa pili ndio unaowafaa wapiga picha wa milango. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au vya Lamu, kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, kwa hiyo mwanga mwingi unaufikia mlango kutoka juu, kwenye ule ufa wa anga kati ya mapaa. Kamera imelala usawa, mwanga unashuka wima, na pembe kati yao inakaribia nyuzi 90. Filta ya lenzi hapa inafanya kazi vizuri sana: mtiki wenye mafuta unarudisha ukahawia wake na mchongo unasomeka. Weka mhimili unaopitisha uwe wima, kwa kuwa mng'ao unatetema kwa ulalo. Mchana wa saa sita, ambao wapiga picha wengi huukimbia, kwa kazi hii ya mlango ulio kivulini ni saa nzuri.

Gharama yake kwa mwanga ni stopu 1 hadi 2, na kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu. Ukifanya kazi na lenzi pana, usishangae anga kuwa na kiraka cheusi upande mmoja: mwanga wa anga nao umepangwa, tena kwa kiasi tofauti kila mahali. Filta zinazouzwa kwa ajili ya kamera karibu zote ni za duara, yaani polaraiza ya mhimili mmoja mbele, na nyuma yake tabaka linalozungusha mtetemo ili vioo vya ndani ya kamera visidanganyike katika kupima mwanga na fokasi. Filta ya namna hiyo ikitazama nyuma mbele haifanyi kazi yake. Kama umeishika mkononi mbele ya lenzi ya simu na huoni badiliko lolote ukiizungusha, igeuze kabla ya kuilaumu.

Filta mbili zilizokingamana: nguvu kubwa, masharti mengi

Hapa hungojei uso upange mwanga. Unaupanga mwenyewe kabla haujafika. Taa inatoa mtetemo wa mhimili mmoja, mng'ao unaurudisha ulivyokuja, na filta ya lenzi iliyokingamana nao, yaani yenye mhimili ulio nyuzi 90 kutoka ule wa taa, inauzuia. Mwanga uliozunguka ndani ya rangi umekwisha kuvurugika, hivyo nusu yake hupita. Pembe ya Brewster haina tena umuhimu, na ndiyo maana njia hii inashinda pale kwenye nyuzi 45 ambapo filta moja imeshindwa.

Unachohitaji ni taa mbili za LED au flashi, filamu ya polaraiza ya mhimili mmoja yenye ukubwa wa kufunika uso wote wa kila taa, filta ya lenzi, stendi ya kamera, kadi ya kijivu, na kijiko cha chuma kinachong'aa. Kijiko kitaelezwa hapa chini.

Anza kwa kuutafuta mhimili wa filamu, kwa sababu mara nyingi filamu huja bila alama. Simama mbele ya sakafu ya vigae au meza yenye vanishi inayoakisi dirisha, itazame ikiwa imelala kiasi, na uzungushe filamu mbele ya jicho. Mng'ao wa sakafu hutetema kwa ulalo, kwa hiyo ukipotea ujue mhimili wa filamu umesimama wima. Chora mshale pembezoni kwa kalamu ya wino wa kudumu. Fanya hivyo kwa kila kipande, na ukikata filamu vipande viwili, chora mshale kabla ya kukata. Usitumie skrini ya simu kama kipimo cha wima, kwani skrini nyingi zimepangwa kwa mshazari. Kumbuka pia kubandua karatasi za plastiki za kulinda, ambazo huwa pande zote mbili za filamu.

Funga filamu mbele ya taa, mihimili yote miwili ikiwa wima. Kama taa ina kitambaa cha kulainisha, filamu inakaa nje yake, ikitazama kitu. Hili ndilo kosa tunaloliona kuliko yote: filamu imewekwa ndani ya softiboksi, nyuma ya kitambaa. Kitambaa ni uso wa kutawanya kama karatasi, na mwanga ukipita humo unasahau mpangilio wote. Umelipa hasara ya mwanga, hujapata chochote.

Sasa weka kijiko kando ya kitu. Chuma hakina mwanga wa ndani, kinarudisha mng'ao mtupu, kwa hiyo ni kipimo kisichodanganya. Washa taa moja, zungusha filta ya lenzi hadi doa la taa kwenye kijiko lififie kabisa, kisha usiiguse tena. Zima, washa taa ya pili, na safari hii zungusha filamu ya taa yenyewe mpaka doa lake nalo life. Kosa la nyuzi 5 linaruhusu kama 0.8% ya mng'ao, la nyuzi 10 linaruhusu 3%. Asilimia hizo zinaonekana ndogo, lakini doa la flashi kwenye rangi ya mafuta linaweza kuizidi rangi ya karibu yake mara mamia, na 3% ya doa kama hilo bado ni doa.

Kwa nini mhimili uwe wima na si mshazari, ilhali kijiko kinakubali vyovyote? Kwa sababu uso wa vanishi unaakisi mtetemo wa wima na wa ulalo kwa viwango tofauti. Mtetemo ulio sambamba au uliokingama kabisa na bapa linalounganisha taa, kitu na kamera hurudi ulivyo. Ule wa mshazari una sehemu ya huyu na sehemu ya yule, moja inadhoofika kuliko nyingine, na mhimili unageuka njiani. Ukifika kwenye lenzi haujakingamana tena na filta. Taa zikiwa kushoto na kulia kwa urefu wa kamera, wima ni salama. Ukiinua taa moja juu na kuiweka pembeni, bapa lenyewe limekuwa la mshazari, na mng'ao utavuja bila wewe kuelewa sababu.

Zima taa zote za chumba na funga pazia. Piga picha moja taa zako zikiwa zimezimwa, kwa mipangilio ileile ya kamera: inapaswa kuwa nyeusi tupu. Kama kuna kitu kinaonekana, huo ni mwanga wa dirisha usiopangwa, na nusu ya mng'ao wake inapita kwenye filta yako.

Mwanga unaopotea ni mwingi. Filamu nzuri hupitisha kama 40%, filta ya lenzi hupitisha kama 40% ya kinachobaki, kwa hiyo unabaki na 16%, ambayo ni upungufu wa stopu 2 na theluthi mbili. Kama bila filta ulikuwa kwenye f/8, 1/125 na ISO 100, utahitaji kushuka hadi 1/20 kwenye stendi, au kupandisha ISO hadi 640. Balansi ya weupe ichukuliwe kwenye kadi ya kijivu baada ya filta zote kuwekwa, kamwe si kabla.

Mambo yanayoharibika, na sababu zake:

Rangi za upinde wa mvua zinazoonekana juu ya kitu: kuna plastiki katikati, ama kifuniko cha akriliki cha fremu, ama plastiki ya kulinda taa. Plastiki iliyobanwa au kunyooshwa kiwandani huzungusha mtetemo, kila rangi kwa kiasi chake. Iondoe. Hakuna mpangilio wa filta utakaoifuta.

Madoa yaliyofifia ya zambarau au buluu mahali palipokuwa na mng'ao: filamu nyingi hazizuii vizuri mwanga wa zambarau. Punguza kwenye programu ya kuhariri. Ukiona yamekuwa makali, rudia kijiko.

Filamu imejikunja au imegeuka hudhurungi: joto. Zaidi ya nusu ya mwanga inamezwa na filamu na kugeuka joto humo humo. Taa za halojeni haziifai kabisa, na kwenye flashi ya studio zima balbu ndogo ya kuelekeza, acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi ili hewa ipite.

Mstari mwembamba unaong'aa kwenye kingo za mchongo au kwenye mabonde ya brashi: mwanga umedunda mara mbili ukutani mwa bonde, na kila mdundo umegeuza mhimili kidogo. Huu hauondoki. Ni sehemu ya tabia ya uso wenye mabonde, na kiasi chake kidogo hakidhuru picha.

Taa laini

Taa laini haiondoi mng'ao hata kidogo, inautandaza. Kiasi kilekile cha mwanga kinachodunda juu ya uso kinatoka sasa kwenye eneo kubwa, kwa hiyo hakuna doa kali popote, ila weupe mwembamba kila mahali. Kwenye rangi ya glosi nyeusi au buluu iliyokoza utaona rangi imepauka kidogo. Faida yake ni kwamba haipotezi chochote cha umbo la kitu, haidai vipimo, na kitambaa kimoja cheupe cha pamba kilichotandazwa kwenye fremu ya mita 1.5 kinatosha. Kiweke karibu: umbali usiozidi upana wa kitambaa. Kukirudisha mbali ni kukifanya kidogo machoni pa kitu, na ulaini wote unaisha.

Mwenzake wa lazima ni kitambaa cheusi. Sehemu za uso zinazokutazama moja kwa moja zinaakisi kilicho nyuma ya kamera, na kama ni ukuta mweupe, hiyo ndiyo pazia la weupe linaloharibu picha. Kitambaa cheusi nyuma yako na shati jeusi mwilini huondoa tatizo ambalo watu hununulia filta.

Sasa kitu kilicho mbele yako

Mchoro wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya kupaka baiskeli juu ya masonaiti (ubao mgumu wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), na wachoraji waliomfuata wameendelea na rangi za mafuta zenye glosi kali. Hapa filta mbili hazina mpinzani. Rangi nyekundu na buluu zinatoka zimekolea kama zilivyo kwenye kopo. Tatizo ni kwamba brashi nayo inapotea: alama za mkono wa mchoraji, nyufa, vijiinuko vya nukta, vyote huonekana kwa mng'ao, na umeshauua. Kwa katalogi ya mauzo si neno. Kwa kumbukumbu ya makumbusho, piga ya pili yenye taa moja imelala ubavuni bila filta, ili hali ya uso ibaki kwenye rekodi.

Kinyago cha mpingo. Hapa ushauri wetu ni kinyume, na tunausisitiza. Mwaka 1905 mwanafizikia Mrusi Nikolay Umov alieleza kwamba uso mweusi hupanga mwanga kuliko uso mweupe, na sababu ndiyo ile tuliyoanza nayo: kitu cheusi kinameza mwanga ulioingia ndani, kwa hiyo karibu mwanga wote unaokuja machoni ni ule uliodunda juu. Ukikingamanisha filta mbili mbele ya mpingo, unabaki na shimo jeusi lenye umbo la kinyago. Mikunjo ya uso, misuli, vidole vya watu waliopandana, vyote vilikuwa mng'ao. Tumia kitambaa cheupe kikubwa ubavuni, kidogo nyuma ya kitu, na kingine upande wa pili chembamba, ili ukanda wa weupe ufuate kila ukingo wa mchongo. Kama ukanda ni mkali mno, weka filta ya lenzi na uizungushe nusu tu ya safari yake. Tazama kwenye skrini na usimame pale mchongo unapoanza kupungua, kisha urudi nyuma kidogo.

Mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba. Mbao peke yake ingefaa kwa filta ya lenzi chini ya mwanga wa juu, kama ilivyoelezwa. Shaba inaleta neno jingine: metali haina pembe ambayo mng'ao wake unapangwa kikamilifu, kwa hiyo filta moja itaipunguza mng'ao kwa sehemu tu, na hilo ni jema, maana shaba isiyong'aa haionekani kuwa shaba. Ukitumia filta mbili usiku na taa zako, misumari itageuka vifungo vyeusi. Kama lazima utumie filta mbili, izungushe ya lenzi nyuzi 30 kutoka mahali pa kufa, ambapo robo ya mng'ao inapita, na shaba itafufuka kabla mbao haijaanza kupauka.

Karatasi za maandishi na picha za zamani. Karatasi ni ya mati na nyeupe, mwanga wake mwingi unatoka ndani, na taa laini kwa nyuzi 45 zinatosha. Wino wenye gundi unaong'aa, au picha iliyochapwa kwenye karatasi ya glosi na kujikunja, ndiyo inayodai filta mbili. Taa za LED zilizopozwa, muda mfupi.

Kanga na kitenge. Kanga iliyooshwa ni ya mati na haihitaji filta, ingawa filta mbili zitaikoleza rangi kuliko mteja atakavyoiona mkononi, na huo kwa muuzaji ni uongo mdogo unaorudisha mizigo. Kitenge kipya chenye mng'ao wa kiwandani kipigwe kwa taa laini, mng'ao ukiachwa kidogo, kwa sababu ndicho mnunuzi anachokitafuta kwa kidole.

Picha ndani ya fremu ya kioo. Kamera ikiwa mbele kabisa, kinachoonekana kwenye kioo ni kamera yenyewe na chumba, na hapo mwanga unadunda karibu wima. Filta ya lenzi haina la kufanya. Kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi ndiyo tiba, na taa zisogezwe hadi nyuzi 60 kutoka mstari wa kamera ili mwakisiko wake uende pembeni. Kama fremu ni ya akriliki, acha filta mbili nyumbani.

Kama unaweza kupiga mbili

Kwa vitu vigumu, hasa vya umbo la pande zote vinavyopigwa picha nyingi ili kutengenezwa modeli ya kompyuta, ipo njia inayomaliza ugomvi wa kuchagua. Kamera ikiwa imefungwa imara kwenye stendi, piga picha moja filta zikiwa zimekingamana, kisha zungusha filta ya lenzi nyuzi 90 kamili na upige ya pili, bila kubadili f, shata wala ISO. Ya kwanza ina rangi ya ndani peke yake. Ya pili ina rangi ileile pamoja na mng'ao. Ukitoa ya kwanza kutoka kwenye ya pili kwa programu ya kuhariri, ukiwa kwenye faili ghafi (RAW) ambazo kamera haijabadili viwango vya mwanga wake, unabaki na mng'ao mtupu: ramani ya uso, kila mkwaruzo na kila alama ya patasi. Unaweza kuurudisha juu ya picha ya kwanza kwa kiwango unachotaka, 10% kwa mchoro, 60% kwa mpingo.

Mtego wake ni picha ya pili kuungua, kwa kuwa doa la mng'ao sasa linapita lote. Pima mwanga kwenye picha hiyo ya pili, si ya kwanza, na ukubali kwamba ya kwanza itaonekana yenye giza kwenye skrini ya kamera. Itainuliwa baadaye. Doa lililokwisha kuungua halina namba ya kutoa.